Hamburg wanawatuza wasomi wa insia. Sisi ndugu zao wa Dar tunangoja nini?

#1 Chapa Tasnifu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina kibanda cha steshenari Msewe, si mbali na Chuo. Natoa kopi, naprinti, nafunga vitabu, na msimu wa tasnifu ukifika nalala saa nane za usiku. Kazi hii humfanya mtu asome vitu ambavyo hakukusudia kusoma. Kurasa za mwanzo za tasnifu nimezisoma nyingi kuliko baadhi ya wasimamizi, hilo naapa.

Wiki iliyopita kaja kijana wa historia, kabeba makaratasi ya kuombea nafasi ya kusoma Ujerumani. Katikati ya makaratasi mlikuwa na picha ya nyumba ya matofali, juu ya mlango neno la Kigiriki. Nikamuuliza, hili kanisa? Akacheka. Akasema ni maktaba ya mtu aliyeikataa benki. Nikamwambia vuta kiti unisimulie, kopi zako leo bure.

Kisa chenyewe ni hiki. Aby Warburg alizaliwa Hamburg mwaka 1866, kifungua mimba katika ukoo wenye benki, na benki ile ilikuwa inamngoja yeye. Kwao wanasimulia kwamba alipokuwa na miaka 13 alimwita mdogo wake Max, mwenye miaka 12, akamwambia: nafasi yangu ya ukubwa chukua wewe, ila uniahidi kuninunulia kila kitabu nitakachokitaka maisha yangu yote. Dogo akakubali mbio mbio. Vitabu gani hivyo vitaishinda benki? Alipokuwa mtu mzima ndipo akakiri kwamba siku ile alitoa hundi isiyoandikwa kiasi.

Kwetu hapa ukoo ungekaa kikao. Wangeanza na maombi, yakishindikana wangempeleka kwa mtaalamu.

Warburg akakusanya vitabu mpaka nyumba ikamkataa, akajenga nyingine kwa ajili ya vitabu tu, ikafunguliwa 1926. Swali lake kubwa lilikuwa kwa nini picha na ishara za watu wa kale hazifi: zinapotea karne kadhaa, kisha zinaibuka mahali usipozitegemea. Akafa 1929. Mwaka 1933 Wanazi wakashika nchi, na ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi. Desemba mwaka huohuo vitabu kama 60,000 vikapakiwa melini kwenda London, na hadi leo viko huko, mali ya Chuo Kikuu cha London. Hamburg ikabaki na nyumba na lile neno la mlangoni, Mnemosyne, maana yake kumbukumbu. Kumbukumbu yenyewe imeshapanda meli.

Sasa hapa ndipo palinifanya niandike. Mwaka 1980 jiji la Hamburg likaanzisha tuzo kwa jina la mtu huyohuyo. Kila baada ya miaka minne anapewa msomi wa insia, hawa wa historia, lugha, falsafa na sanaa. Anayetoa si chuo wala wizara, ni jiji lenyewe, hawa wanaozoa taka na kukarabati madaraja. Mwaka 1992 aliipata Carlo Ginzburg wa Italia, aliyejulikana kwa kuandika maisha ya msaga nafaka wa kijijini, karne ya 16, aliyehojiwa na mahakama ya kanisa kwa sababu ya mawazo yake kuhusu ulimwengu ulivyoumbwa. Msaga nafaka, wakuu. Kwetu angekuwa yule mwenye mashine ya kukoboa Manzese, mwenye nyusi nyeupe kwa unga.

Na Hamburg si wageni kwetu. Dar na Hamburg ni majiji ndugu tangu 2010. Undugu huu umetupatia mtambo wa mboji kule Mabwepande. Sina ugomvi na mboji. Ila ndugu yako akiwa na kitu kizuri sebuleni, si vibaya kumuuliza kakipata wapi.

Nawaambieni kilichoniuma. Nina mteja mmoja, mwalimu mstaafu, jina lake nalihifadhi. Tangu 2016 ananiletea madaftari ya mkono nimchapie. Yote ni majina ya mitaa na vitongoji vya Dar: nani aliita hivyo, kwa nini, nani anabisha. Kwa kila jina kawahoji wazee watatu, wanne, na wengi wao sasa ni marehemu. Kazi nzima ni kurasa 412. Iko kwenye flashi moja ya kijani na kwenye kompyuta yangu, ambayo feni yake inalia kama pikipiki inayopanda mlima wa Kimara. Alipeleka mswada kwa mchapishaji mmoja, akaambiwa vitabu vya namna hiyo havitoki, aandike vya maswali na majibu ya darasa la saba. Hakukasirika. Mimi ndiye niliyekasirika, na hata sikuwepo.

Swali langu: jiji letu likiwa na tuzo ya wasomi wa insia, iitwe jina la nani, atoe nani, na apewe mtu wa aina gani?

Nawasilisha.

#2 Kaka Mtulivu

Nimekaa paleee nasubiri watu wa mitaro.

#3 Jangwani Damu

Usisubiri, nimefika.

Mleta uzi, heshima kwako, lakini mimi mvua ikinyesha masaa mawili natoka kazini kwa miguu kwa sababu Jangwani imefungwa. Kila mwaka. Halafu niambiwe kodi yangu ya jengo inakwenda kumpa profesa ngao ya kioo na bahasha? Profesa ana mshahara. Hamburg wameshamaliza mitaro ndiyo maana wanatuza watu wanaosoma picha za zamani.

#4 Binti Insia

Kaka Jangwani, pole na mvua, ila hapo kwenye mshahara umenigusa kidonda.

Mimi ni zao la Ndaki ya Insia pale Mlimani, historia na Kiswahili. Nafundisha tuisheni Tabata, watoto wanne asubuhi, sita jioni. Nilipokuwa kidato cha sita tuliambiwa wazi sayansi ndiyo yenye nchi. Hata ule ufadhili wa Samia ulioanza 2022 kwa wanaofaulu vizuri kidato cha sita ni wa tahasusi za sayansi. Siulalamikii, wadogo zangu wawili wameupata na Mungu ambariki aliyeubuni. Nasema tu kwamba mtoto aliyepata alama za juu kabisa kwenye Historia na Kiswahili anapigiwa makofi, anapewa soda, anaambiwa nenda nyumbani.

Na hili neno insia, nusu ya watu ninaowatajia wanadhani nimesema wosia. Linatokana na insi, yaani mtu, kama tunavyosema majini na insi. Elimu ya mambo ya insi: lugha, historia, falsafa, sanaa, dini. Tumeiacha, na sasa hatujui hata jina lake.

#5 Jangwani Damu

Dada nimekuelewa kuhusu soda. Mitaro pale pale.

#6 Mpwa wa Diwani

Wakuu, wenye moto wa moyo ni wengi humu ila hakuna aliyeuliza swali la kwanza: jiji gani?

Ile Halmashauri ya Jiji tuliyoizoea, yenye Meya wa Dar nzima, ilivunjwa Februari 2021. Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Msewe kama mleta uzi yuko Manispaa ya Ubungo, si Jiji. Mzee wake akiwa anaishi Mbagala ni wa Temeke. Ukisema jiji litoe tuzo, unamwambia wa Ilala. Kinondoni watasema na sisi tuna wasomi, Kigamboni watasema sisi tuna bahari. Mtakuwa na tuzo tano, na kila moja ina kamati, na kila kamati ina posho.

Hela nayo. Mapato ya ndani ya halmashauri asilimia 10 yameshapangiwa kazi kisheria, mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Zinazobaki zinagombaniwa na madarasa, matundu ya vyoo na zahanati. Diwani akisimama kwenye baraza akasema "insia", Mwenyekiti atadhani anaumwa.

Njia ipo lakini. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa inaweza kukusanya halmashauri zote tano, kila moja ikatoa kidogo, mara moja kwa miaka minne. Mmeona wenzetu wanavyofanya? Kila miaka minne. Hawana haraka. Kwa mwaka ni hela ya chai ya vikao.

#7 Kaka Mtulivu

Mpwa, hela ya chai ya vikao uliyoitaja ndiyo ngumu kuliko zote kuigusa.

#8 Mbebaboksi

Salamu kutoka Frankfurt, ninakobeba maboksi mwaka wa kumi na moja huu.

Niwaongezee. Hata huku tunayo. Tuzo ya jiji kwa jina la Theodor Adorno, mwanafalsafa aliyezaliwa hapa hapa 1903. Ilianza 1977, hutolewa kila miaka mitatu kwa kawaida, siku yake ni 11 Septemba, tarehe aliyozaliwa. Euro 50,000. Inachanganya falsafa, muziki, tamthilia na filamu, ndiyo maana mwaka 1995 aliipata Jean-Luc Godard wa sinema.

Ila mshindi ninayempenda ni wa kwanza kabisa, mwanasosholojia Norbert Elias. Alikuwa akifanya kazi chuo kikuu hapa Frankfurt, 1933 akakimbia kwa sababu ni Myahudi. Kitabu chake kikubwa kikatoka 1939, ulimwengu ukiwa umeshughulika na mengine, hakuna aliyekisoma. Ameishi Uingereza miaka na miaka bila cheo cha maana. Kwanza 1962 hadi 1964 alikuwa profesa Legon, Ghana! Mwaka 1977, ana miaka 80, jiji lilelile alilolikimbia likamwita jukwaani. Kwa hiyo mleta uzi, mwambie mzee wako asikate tamaa, ila ale vizuri.

Wanatolea Paulskirche, kanisa lenye umbo la yai ambalo siku hizi halisaliwi. Mwaka 1848 walikaa humo wabunge wa kwanza waliochaguliwa kutoka Ujerumani yote. Likaungua kwa mabomu 1944, likajengwa tena upesi kuwahi miaka mia ya bunge lile. Mimi nilipoingia mara ya kwanza nilifikiria Karimjee. Na penyewe ndipo Bunge letu lilipokaa wakati wa uhuru. Ukumbi upo, bustani ipo, kunguru wapo. Kilichobaki ni mtu wa kupewa.

Msidhani huku ni amani tupu. 2012 walipompa Judith Butler, mwanafalsafa wa Marekani, kulikuwa na kelele kubwa, jumuiya za Kiyahudi zikapinga kwa sababu ya msimamo wake kuhusu Israeli. Alipewa hivyohivyo. Tuzo isiyomuudhi mtu yeyote ni cheti cha mahudhurio.

La mwisho, niende zamu. Septemba 2001 walimpa Derrida, mwanafalsafa Mfaransa. Alianza hotuba yake kwa kuomba radhi kwamba atawasalimu na kuwashukuru kwa lugha yake mwenyewe. Hilo nililisoma nikiwa kwenye treni nikajiuliza: siku Dar ikitoa tuzo, hotuba itakuwa kwa lugha gani? Maana nawajua nyinyi.

#9 Binti Insia

Mbebaboksi umemaliza. Tasnifu ya shahada ya Kiswahili tunaandika kwa Kiswahili, sawa. Lakini msomi wetu wa historia anayetafuta kupandishwa daraja anaandika Kiingereza, anapeleka jarida la nje, anasomwa na watu tisa, sita wao ni wale waliotajwa kwenye maandishi yake. Bibi yake Kilwa aliyempa habari zote hawezi kusoma hata kichwa cha habari. Mimi ningeweka sharti moja tu kwenye tuzo: kazi iwe kwa Kiswahili. Hata ya falsafa. Hasa ya falsafa.

#10 Mchambuzi wa Kona

Tuzo ipo tayari jamani, Tuzo ya Mwalimu Nyerere, inatolewa na Taasisi ya Elimu, Aprili 13 kila mwaka. Mnataka tuzo ngapi?

#11 Chapa Tasnifu

Mkuu, ile nimeifuatilia tangu ilipotolewa mara ya kwanza 2023, na nimechapa miswada ya watu watatu walioomba (hawakupata, tusiongee zaidi). Ile ni ya uandishi bunifu. Riwaya, ushairi na kadhalika. Mzee wangu hakubuni kitu. Akibuni amekwisha. Kazi yake yote ni kuhakikisha hajabuni.

#12 Mzee wa Upanga

Vijana, naona mnakwenda Ujerumani kutafuta mfano wa jiji linalothamini wasomi. Ngojeni niwakumbushe la hapa hapa.

Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam alikuwa nani? Sheikh Kaluta Amri Abedi. Mzaliwa wa Ujiji, 1924. Wengi wenu mnamjua kwa uwanja wa mpira Arusha, basi. Mtu huyu kabla ya kuvaa mkufu wa umeya alikuwa ameshaandika, 1954, kitabu cha sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili. Si diwani ya mashairi tu, sheria zake: vina, mizani, vituo, kipi kinakubalika na kipi kinavunja. Washairi walikuwa nazo vichwani, wakirithishana kwa kusikia. Yeye akazikalisha chini akazieleza kwa hoja, mpaka wanaozipinga ikabidi wapinge kwa hoja pia. Ugomvi wa ushairi wa jadi na mashairi huru uliokuja miaka ya 1970 ulipigwa juu ya mkeka alioutandika yeye. Hiyo ndiyo insia, dada yangu Binti. Akawa Waziri wa Sheria baadaye. Akafariki 1964, ana miaka arobaini.

Kwa hiyo jiji hili limewahi kuongozwa na msomi wa insia. Si kumtuza msomi: kuongozwa naye. Hamburg wanaweza kusema hivyo?

Jina la tuzo mnalo. Tuzo ya Amri Abedi. Itolewe Karimjee kama alivyosema kijana wa Frankfurt, na mshindi ajibu kwa shairi, la sivyo hela inarudi.

#13 Chapa Tasnifu

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwenye hela kurudi nimecheka peke yangu dukani, mteja kaniangalia vibaya.

#14 Mwana wa Mwambao

Mzee wa Upanga, shikamoo, na Mungu akuweke. Amri Abedi simpingi. Lakini mleta uzi katupa mfano wa Warburg, na mfano huo una mwiba ambao naona tunaukwepa. Hamburg hawakumchagua mtu waliyemtendea mema. Wamechagua jina ambalo kila wakilitamka linawakumbusha meli ya 1933. Sasa sisi, au tuseme mji huu, ulimfukuza nani?

Nawapa jina: Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mtu wa Dunda, jirani na Bagamoyo, kazaliwa karibu na 1869. Mwalimu wa Kurani. Mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki. Huko akaandika sehemu kubwa ya kile kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka 1903: ndoa, jando, ngoma, deni, utumwa, maziko, mtu akila anasema nini, akipiga chafya anajibiwa nini. Mtu wa Pwani anawaandika watu wa Pwani kwa lugha yao. Kwenye jalada likatangulia jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Mambo ya jalada mnayajua.

Mtoro akamwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha. Mwaka 1905 wakafunga safari kurudi nyumbani. Meli ikafika pwani yetu, na utawala wa Kijerumani ukakataa wasishuke pamoja. Mwafrika na mke mzungu, katika koloni, haiwezekani. Mtu kaletwa na bahari hadi mlangoni kwao, anaiona minazi, anasikia lugha yake inapigiwa kelele kwenye mashua, halafu anarudishwa. Wakageuza na meli. Hakuja kuishi huku tena. Akafia Berlin 1927.

Na mnajua miaka michache baada ya kurudishwa alikwenda kufanya kazi wapi? Hamburg. Kwenye Taasisi ya Kikoloni, chini ya Profesa Carl Meinhof, akiwasaidia kufundisha Kiswahili. Taasisi hiyo ndiyo mojawapo ya mizizi ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Kwa hiyo, mleta uzi, undugu wa Dar na Hamburg una mtu wake tayari, zaidi ya miaka mia moja kabla ya mboji.

Tuzo ya Mtoro. Na itolewe bandarini.

#15 Kaka Mtulivu

...

Sikujua. Wallahi sikujua.

#16 Mzee wa Upanga

Mwanangu Mwana wa Mwambao, marahaba. Nimesoma mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kubisha, nikaweka miwani chini.

Neno moja tu: waliomkatalia kushuka ni serikali ya Kijerumani, si mji. Mji ungempokea kwa ubani.

#17 Mwana wa Mwambao

Ni kweli mzee. Lakini Wajerumani wameondoka miaka mia na zaidi. Tangu waondoke, nani kampokea? Taja mtaa mmoja.

#18 Mchambuzi wa Kona

Mimi nasema hizi tuzo za kizungu ni mtego, wanataka tukae tunasifiana wakati gesi...

#19 Binti Insia

Kaka gesi ina uzi wake, nenda kule.

#20 Jangwani Damu

Haya. Nimesoma ya Mtoro nikiwa kwenye mwendokasi, nimesimama, mkoba wa mtu mgongoni. Nimepitiliza kituo.

Natoa msimamo mpya: mitaro kwanza, LAKINI kila miaka minne siyo mbaya. Na yule mzee wa flashi apewe kabla ya profesa yeyote mwenye gari. Hivi kaandika nini kuhusu Msasani? Kwa sababu Msasani ni Musa Hassani, mtu alikuwa anaitwa hivyo, wageni wakashindwa kutamka. Hilo linajulikana.

#21 Mpwa wa Diwani

Linajulikana na nani? Hadithi za majina ya watu waliopinda ulimini ziko kila mtaa, zimekaa vizuri mno. Ninayoiamini ni Kariakoo, maana ina ushahidi: kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza vita ya kwanza, Carrier Corps, watu wakaigeuza. Na Mikocheni mikoche ilikuwepo, Mabibo mabibo yalikuwepo. Hayo ya Musa Hassani mimi napita.

#22 Jangwani Damu

Unapita wewe mgeni wa mji. Na Mwananyamala je? Si mama alikuwa anambembeleza mtoto, mwana nyamala, anyamaze kwa sababu ya hatari porini? Au hilo nalo limekaa vizuri mno?

#23 Mpwa wa Diwani

Ndiyo.

#24 Chapa Tasnifu

Wakuu, mrejesho.

Asubuhi mzee alikuja dukani na daftari jipya. Nikamsomea uzi wote, kuanzia juu. Kwa Warburg akatabasamu. Kwa Elias akauliza miaka 80 ni mingi kweli? Kwa Mtoro akanyamaza muda mrefu, akavua kofia akaiweka gotini. Nikamuuliza, mwalimu, tuzo ikianzishwa leo utaomba? Akasema kwanza niambie ukurasa 212 umeshaurekebisha? Nikasema bado. Akasema basi.

Tulipofika kwenye Msasani na Mwananyamala akanyosha mkono: niprintie hapo. Nikamprintia. Shilingi mia mbili alilipa, nilikataa, akaiacha kwenye kaunta. Akatoa kalamu nyekundu, akakaa kwenye lile benchi la nje, akaanza kusahihisha.

Wakuu, tumesahihishwa. Nimepiga picha karatasi ila mwandiko hauonekani vizuri, kwa hiyo nawaandikia. Mpwa wa Diwani, kwenye "linajulikana na nani?" kaweka alama ya vema, ila kwenye "mimi napita" kaandika: *Mtafiti hapiti, anauliza.* Jangwani Damu, kwako kaandika kwa wino mwingi: *Nani kakwambia? Jina lake. Umri wake. Aliishi mtaa gani. Yeye alisikia kwa nani.* Halafu pembeni kwenye Msasani kachora mshale, kaandika: *Ninazo simulizi tatu, hii ni ya nne kwa namna ilivyosemwa. Apatikane msemaji.*

#25 Jangwani Damu

Duh. Mwambie shikamoo.

Kaniambia bibi yangu mzaa mama. Na yeye alisikia kwa baba yake, alikuwa mvuvi.

#26 Chapa Tasnifu

Nimempigia sasa hivi. Anauliza bibi yuko hai?

#27 Jangwani Damu

Yupo, Mbagala Rangi Tatu. Ana themanini na kitu, masikio mazima kabisa.

#28 Chapa Tasnifu

Anasema atakwenda Jumamosi na daftari, kama familia inaridhia. Nauli atajitegemea. Mimi nitamsindikiza, duka nitafunga.

#29 Jangwani Damu

Aje. Ila mwambie asije mchana, bibi analala. Aje baada ya alasiri, na asimletee soda, amletee tambuu.